Simu Chini ya Kitambaa

Nilioa upande wa Kwihara, na kwa muda wote wa ndoa yangu sikuwahi kumtazama mama mkwe wangu usoni. Sijisifu wala siombi radhi. Kwetu, sisi Wanyamwezi wa kutoka Nzega, na kwao vilevile, mwanamume na mama wa mkewe huoneana haya mpaka kaburini. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini, akageuza uso na kumpisha mwenzake. Wajukuu zangu walioko Dar es Salaam hucheka nikiwasimulia. Wao wanapiga picha na wakwe zao wameshikana mabega. Wacheke tu. Mimi hadi leo nikimkumbuka yule mama masikio yananiwaka moto, na hapa nilipokaa peke yangu na kalamu nainamisha kichwa kana kwamba amepita mlangoni.

Miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi simu Tabora mjini. Laini zetu za kwenda vijijini zilifuata ile njia ya zamani ya misafara. Babu yangu mzaa baba aliipita na mzigo wa watu kichwani mpaka pwani, mimi nikaipita kwa baiskeli na koili ya waya begani. Nilijiona nimeendelea sana. Nilikuwa na hasira za karibu na mdomo mrefu, na chombo kikinisumbua nilikitukana kwa Kinyamwezi ili wakubwa wasielewe.

Kijiji cha wakwe zangu kilichaguliwa kuwa cha mfano, na wageni wa serikali walikuwa hawaishi kuja kukitazama. Kikapewa simu tano: ofisi ya mwenyekiti, shule, ghala la tumbaku, nyumba ya bwana shamba na zahanati. Waya wa shaba ulikuwa haba, kwa hiyo simu zote tano zilitegemea laini mbili tu za kwenda mjini. Kazi ya kugawa ilifanywa na sanduku la chuma lililotoka Ulaya, tukalifunga kwenye nguzo kando ya njia, kijiji kinapoanzia. Ukiinua simu, sanduku linaangalia laini ipi iko wazi na kukupa. Ukiweka simu chini, linakunyang'anya laini ile na kumwekea mwingine. Ndani hamna opareta wa kubembeleza wala wa kugombana naye. Lilinivutia kweli. Siku ya kulizindua nilieleza mbele ya kijiji kizima jinsi linavyofanya kazi, na nikamsikia baba mkwe akiwaambia wenzake, "Huyo ndiye mkwe wetu wa simu."

Mama mkwe hakuwapo kwenye ule mkusanyiko, kwa kuwa nilikuwapo mimi. Yeye alikuwa mkunga wa zahanati, amesomea misheni, na watu walimheshimu kuliko tabibu mwenyewe, ambaye nusu ya maisha yake aliimalizia kwenye mikutano mjini. Mimi nilimjua kwa sauti ya nyuma ya ukuta na kwa pindo la kanga linalopinda kona. Mara moja tulikutana naye uso kwa uso kwenye njia nyembamba. Nilirusha baiskeli, nami nikajirusha nyuma yake, tukaangukia katikati ya mihogo ya mtu. Mwenzangu wa kazi, mpanda nguzo, alikuwa Mzaramo, kwa hiyo alikuwa mtani wangu na hakuwa na sababu ya kunionea huruma.

"Shikamoo mama!" alipaza sauti. "Mkweo yumo humu kwenye mihogo, anakusalimu!"

"Marahaba, baba," nilimsikia akiitikia, kisha akacheka kidogo huku akienda zake. Ndicho kicheko chake pekee nilichowahi kukisikia, na nilikisikia nikiwa na udongo mdomoni.

Sasa niseme lililokuwa linatukaa rohoni. Mimba ya kwanza ya mke wangu iliharibika. Ilimshika nyumbani kwetu mjini, mimi nikiwa kazini, na hadi gari likapatikana ilikuwa kazi bure. Aliposhika mimba ya pili mama yake alituma ujumbe kwamba safari hii hana mjadala: mtoto atazaliwa kwao, kama desturi ilivyo, karibu na zahanati, chini ya mkono wake. Na mambo yakizidi uwezo wake, simu ipo, gari la hospitali litaitwa. Mke wangu alipokuwa akifunga mizigo yake alinitazama kwa ile namna yake ya kutania bila kucheka.

"Mimi na huyu tunaitegemea simu yako," alisema. "Ifanye kazi."

Nikamwambia itafanya kazi. Na tangu alipohamia kwao, simu zikaanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kijinga. Asubuhi mwenyekiti anainua simu yake, hakuna mlio. Mwalimu mkuu anainua, anapata laini, akimaliza yeye anapata bwana shamba, wengine hawapati. Siku nyingine zote zimekufa mpaka saa sita. Mwenyekiti anamtuma mtu mjini kunifokea, nami napanda baiskeli na jua lile, nafika, nainua simu mbele yake, na mlio huo hapo, mzuri, umejaa sikio.

"Fundi, simu inakuogopa," mwenyekiti alisema. "Kaa nayo basi, ulale hapa."

Nililifungua sanduku nikakuta nyuki. Tabora usipokuta nyuki kwenye sanduku jiulize lina kasoro gani. Niliwafukiza moshi, nikaondoka na asali kwenye kikopo na uso umevimba, nikatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Haukuisha. Nikasema ni matawi ya miembe ya kando ya njia yanagusa waya. Mtani wangu akakata matawi siku nzima, wenye miembe wakatulaani. Nikasema ni nguzo iliyoliwa na mchwa, tukabadilisha nguzo. Kila nilipolitengeneza jambo moja, simu zilikaa vizuri siku chache, nikaanza kutembea kifua mbele, halafu mtu wa mwenyekiti huyo hapo mlangoni tena.

Mkuu wangu wa kazi aliniita. Alisema kama lile sanduku limenishinda nisione haya kusema, litang'olewa lipelekwe mkoa mwingine wenye mafundi. Nilitoka ofisini kwake nikipiga hesabu. Likiondoka sanduku zinaondoka simu zote, na mke wangu tumbo lilikuwa limeshashuka.

Basi nikaamua kuzichunga simu zile zenyewe. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nilikaa kwenye mtambo mjini nikazipigia zote tano, moja baada ya nyingine. Mwenyekiti aliitikia kwa kelele. Mwalimu mkuu aliitikia kwa Kiingereza. Ghala waliitikia baada ya kutafutana. Zahanati simu ililia, ikainuliwa, halafu kimya.

Tabibu angekuwapo angebweka "Zahanati!" mpaka sikio liume. Kwa hiyo nilijua ni nani aliyeinua, nikajikuta nimeinuka kwenye kiti.

"Haloo," nilisema. "Ni fundi. Najaribu laini."

Nikasikia pumzi ikikatika, kisha mkono wa simu ukilazwa juu ya mbao taratibu sana, kisha nyayo zikienda. Nikaelewa mara moja. Amenipisha njia. Amenifanyia simuni lile tunalofanyiana barabarani, na nilimheshimu kwa hilo. Nami nikasubiri kidogo kwa adabu, nikaweka simu yangu chini bila neno. Kwa upande wangu simu ya zahanati ilikuwa nzima: imelia, imeinuliwa, nimesikia chumba. Kesho yake nikapiga tena, ikawa vilevile, ila mimi sikusema hata haloo. Kesho kutwa vilevile. Tulizoea. Simu inalia, anainua, tunanyamaziana, analaza, anaondoka, nami naondoka.

Na kadiri nilivyozidi kuzipima simu ndivyo zilivyozidi kufa. Hilo lilinitia wazimu. Siku nilizougua homa nikakosa kupima, kijiji kizima kiliongea kutwa nzima bila shida, na mwenyekiti akanitumia salamu za pongezi. Nilipopona nikarudi kupima, balaa likarudi. Nililipiga teke lile sanduku mbele ya wanawake waliotoka kisimani. Niliona aibu kwa hilo pia, lakini ile ilikuwa aibu ndogo.

Nilikwenda kukagua simu moja moja. Nilifungua ya mwenyekiti, nikafungua ya shule, ya ghala, ya bwana shamba. Ya zahanati sikuifungua. Ilikuwa kwenye chumba cha wazazi, juu ya meza ya mama mkwe, hatua moja kutoka kitanda wanachojifungulia wanawake. Ningeingiaje? Nilisimama nje kwenye uzio nikamtuma mtani wangu. Alikaribishwa, akasalimia, akapewa na maji, akatoka.

"Simu ipo mezani," alisema. "Imefunikwa kitambaa cha kufuma, cha maua mekundu. Inatunzwa kuliko ya mkuu wetu."

Sikumwuliza kama alikiinua kitambaa. Tabora nzima kila chenye thamani ndani ya nyumba kilifunikwa kitambaa: redio, jagi la maji, picha ya harusi. Nilifurahi kwamba simu yangu imepewa heshima ile, nikaliondoa lile jengo akilini mwangu.

Asubuhi moja nilipima kama kawaida, na haukupita muda nikaambiwa kijiji kimekufa chote. Gari letu halikuwa na mafuta, miaka ile mafuta yalikuwa ya kuombea. Tukaenda kwa baiskeli, mimi na mtani wangu. Njiani tukakuta tawi limeangukia laini moja na kuikata, akabaki pale kuiunga. Mimi nikaendelea hadi kwenye sanduku kuitazama laini ya pili, ambayo haikuwa na tawi wala jeraha lolote, na bado ilikuwa bubu.

Nilikuwa na simu ya fundi, ile yenye vibanio viwili vya kung'ata waya. Nikaibana kwenye laini ile, nikaweka sikioni. Laini iliyo wazi hutoa mlio. Laini yenye watu hutoa maneno. Hii haikuwa na mlio wala maneno, lakini ilikuwa hai. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nikasikia chuma kikiwekwa juu ya chuma. Nikasikia mwanamke akiguna, guno refu la chini, na mwili wangu ukaijua ile sauti kabla akili yangu haijaijua. Ilikuwa ya mke wangu.

Mwanamume hasikilizi hayo. Hata mume, hasa mume. Nilitaka kuvitoa vibanio mkono ukakataa. Nilisimama pale barabarani, mchana kweupe, nikiwa nimeingia kwenye chumba ambacho nilimtuma mtu mwingine aingie kwa niaba yangu, na wapita njia wakinisalimia mwangaluka, fundi, nami naitikia kwa kichwa.

Papo hapo nikajua ugonjwa wa simu ulikuwa nini. Nilikuwa nimesimama ndani yake. Simu ya zahanati ilikuwa imelazwa mezani tangu nilipopima asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshaweka yangu chini, lakini ya kule haijarudi mahali pake, na sanduku halijui adabu za watu, linajua kitu kimoja tu: mkono wa simu umeinuliwa, kwa hiyo mtu anaongea, kwa hiyo laini ni yake. Mwanzoni pengine walikuwa kweli nyuki na matawi, lakini tangu nianze kupima, kila asubuhi nilipiga simu kutafuta kosa, na kila asubuhi nikatia jingine kwa mkono wangu. Yule mama asingeweza kumkatia simu mkwe wake, kwake yeye ni sawa na kunifungia mlango usoni. Akailaza, akaifunika kitambaa kwa heshima yangu, akasubiri tabibu au mfagiaji aingie airudishe.

Bado nalifikiria hilo nikasikia kitambaa kikiondolewa na mkono wa simu ukiinuliwa. Pumzi yake ikaja karibu kabisa na sikio langu.

"Mkwe," alisema.

Niliinamisha kichwa pale nguzoni. 

"Mkwe, najua upo. Kila siku upo hapa, unanyamaza, nami nanyamaza. Leo siwezi kunyamaza, unisamehe. Mtoto amekaa vibaya, na mwanangu anavuja damu. Tabibu hayupo. Mikono yangu imeshindwa, baba. Niitie gari."

Kumbe kila alipouinua mkono ule akakuta kimya, alidhani kimya kile ni mimi. Siku zote zile alifanya kazi yake, akapokea watoto wa watu, akaosha vyombo, akiamini mkwe wake yuko kwenye simu chini ya kitambaa. Na pengine ndiyo sababu hakuongea na simu ile hata alipokuwa na shida nayo. Leo amelazimika, na anaongea na waya ambao kule mjini nilikuwa nimeshauwekea simu chini tangu asubuhi. Kama nisingekuwa nimebana vibanio vyangu pale barabarani, angekuwa ameivunja haya ya maisha yake yote na hakuna aliyemsikia.

Kisha akanitaja jina. Jina langu la utotoni, ambalo hakupata kulitamka hata akinizungumzia kwa bintiye. Alilitaja wazi, kama mama anavyomwita mwanawe aliye mbali shambani, halafu akasubiri.

Ili niite gari nilihitaji laini. Laini ya kwanza ilikuwa chini ya tawi na ya pili ilikuwa mkononi mwake. Kumnyang'anya kwa bisibisi kulitaka nifungue kifuniko cha ndani, skrubu zenyewe zimeshika kutu. Njia ya haraka ilikuwa yeye aweke simu chini. Ningesema, mama, nimekusikia, weka simu chini kidogo nipate laini ya kuita gari. Maneno hayo nimeyapanga vizuri mara nyingi sana tangu siku ile, kila mara yanatoka laini na yenye heshima. Lakini mdomo uliokuwa haujawahi kumwambia neno yule mama ulitoa hili:

"Kata simu, mama. Kata!"

Ndilo neno langu la kwanza kwake. Hata shikamoo sikuanza nayo.

 Kisha nikasikia mkono wa simu ukirudi mahali pake, na sanduku likagonga ndani, tak, na mlio ukajaa sikio. Nikapiga hospitali. Opareta wa hospitali alinijua, hakunizungusha, gari lilikuwapo na mafuta yalikuwamo. Alisema linatoka sasa hivi. Nilitoa vibanio, nikaegemea nguzo.

Sikukaa sana nikaona watu wanatoka upande wa zahanati. Wanaume wamebeba kitanda cha kamba mabegani, wanakuja mbio mbio kwenye njia ya mjini, na nyuma yake kanga ninayoijua pindo. Alikuwa hakungoja. Alikuwa ameambiwa akate, amekata, na hakuona sababu ya kumtegemea mtu yule tena.

Desturi ilinitaka niingie majanini nigeuze uso. Mguu mmoja ulishaanza kwenda. Lakini juu ya kitanda kile alikuwa mke wangu. Nikakimbilia mbele kabisa, nikampokea mmoja wa wabebaji, nikaingiza bega chini ya mti wa kitanda. Mbele, ili mama mkwe awe nyuma yangu na nisimwone.

"Gari linakuja," niliwaambia wale wanaume, kwa sauti ya kumfikia na aliye nyuma. "Nimeshapiga simu. Tutakutana nalo."

 Nyuma yangu nilisikia kandambili zake zikipiga mavumbi, haraka haraka, na dawa ya kuoshea mikono ilinifikia puani.

"Ni wewe?" mke wangu aliuliza kutoka juu.

"Ni mimi."

"Simu yako imefanya kazi?"

Nikaongeza mwendo. Tulikwenda hivyo, kwenye njia aliyopita babu yangu na mizigo ya watu, mimi bega limechubuka na shingo imekakamaa nisije nikageuka kwa bahati mbaya. Gari lilitukuta kabla ya miembe kwisha. Wanawake wakapanda, mlango ukafungwa, na mimi nikasimama nimeelekea porini hadi mngurumo ulipopotea. Siku ile ile hospitalini akazaliwa binti, mzima, na mama yake akapona.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia mengine, baada ya kupata nguvu. Mama yake alipoweka simu chini alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mkwe amenifukuza." Halafu akainuka, akafunga kanga vizuri kiunoni, akaita wanaume walete kitanda. Nilimwomba mke wangu amweleze habari za sanduku. Alieleza. Lakini unamwelezaje mtu kwamba siku zote alizonistahi ndizo zilizoua simu za kijiji kizima? Aliishia nusu.

Nikamtuma mshenga wangu, na mbuzi, na doti ya kanga, kuomba radhi kwa neno nililosema. Nilimfundisha na mambo ya laini, jinsi sanduku linavyoshika mpaka mkono wa simu urudi.

"Mbuzi nitampeleka," mshenga alisema. "Hayo ya sanduku kamwambie mwenyewe."

Alirudi jioni. "Amepokea," alisema. "Hana kinyongo. Amesema ulivyomwambia ndivyo atakavyofanya."

Mkuu wangu alipotaka kujua ugonjwa ulikuwa nini, nilimwambia nyuki. Ningesema nini kingine? Alinipongeza, na sanduku likabaki.

Nikaendelea kupima kila asubuhi, ndiyo kazi. Simu ya zahanati ikawa inalia, inainuliwa, pumzi moja, tak. Imekatwa. Laini haikushikwa tena hata siku moja. Kijiji kikaongea kutwa kucha, mwenyekiti akanisahau, na mimi kila asubuhi nilikatiwa simu na mama mkwe wangu kama nilivyomwagiza. Sikujua kama anafanya hivyo kwa kuwa ameelewa jinsi sanduku lilivyo au kwa kuwa niliwahi kumfokea. Siku nyingine niliona ni la kwanza, nikanywa chai yangu. Siku nyingi niliona ni la pili. Miaka ikapita hivyo. Binti akaanza shule, na wakati wa likizo alikaa kwa bibi yake, akawa anaimba mbele ya simu asubuhi, akijua baba anapiga.

Kisha nikahamishiwa Nzega. Asubuhi ya mwisho nilizipigia zote kama kawaida. Mwenyekiti, shule, ghala, bwana shamba. Nikaacha zahanati iwe ya mwisho. Ikalia, ikainuliwa. Pumzi moja. Nikangoja tak.

Haikuja. Nikangoja tena. Nilisikia maji yakichuruzika kwenye beseni, mtoto wa mtu akilia mbali. Hakuilaza mezani. Alikuwa ameishika, na laini ilikuwa imeshikwa, na mimi fundi nilijua kuna wengine wanne wanaitegemea.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Maji yakakoma kuchuruzika.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ya upole kabisa. "Nenda salama, mwanangu. Leo kata wewe."

Nikakata.